Kopo nililolichimba saa tisa usiku kule Chunya

Kuna sauti moja ambayo kama hujawahi kushika ditekta, ile mashine ya kutafutia dhahabu na vyuma vilivyo ardhini, sijui hata nikuelezeje ila nijaribu. Ukiwasha mashine, kabla haijakuta kitu chochote, inakuwa inavuma tu kwenye hedifoni, mvumo mwembamba kama mbu aliyeko chumba cha pili, haupandi haushuki, na kazi yako kutwa nzima ni kuusikiliza huo mvumo ukisubiri uyumbe. Basi. Masaa nane mpaka tisa, jua la Chunya la mwezi wa tisa liko utosini, mbung'o wanakula mgongo, unatembea hatua nusu nusu unafagia koili, ile sahani ya chini ya mashine, kushoto kulia unasikiliza mbu. Sasa fikiria unafanya hivyo huku unadaiwa.

Mimi nilikuwa fundi simu Mbeya mjini. 2020 kazi ikayumba, nikachukua mkopo wa kausha damu laki sita nikasema nitaokoa kibanda, sitaeleza yote manake hiyo stori wengi mnaijua mpaka mwisho wake, unakopa huku ulipe kule, mwezi wa nane ulipoisha nilikuwa nadaiwa kama milioni moja na laki nane sehemu tatu tofauti. Nilikuwa silali. Simu ikiita tu tumbo linavuruga, na mimi ndo fundi simu, zinaita kutwa nzima! Mke wangu nilimwambia nusu ya deni, na hiyo nusu peke yake ilitosha, nyumbani tukawa tunaongea kupitia watoto, "mwambie baba yako chakula tayari".

Kaka yake ndo akaja na wazo. Yeye alishawahi kuzunguka na mashine huko Chunya misimu miwili, akaniambia shem, hapa mjini utakufa na presha, kuna mzee anakodisha ditekta, ile Minelab GPX 5000, hataki hela mkononi, tukipata tunamkatia nusu, nusu nyingine mimi na wewe. Na kuna mtu ana leseni yake ya uchimbaji mdogo upande wa Makongolosi anaturuhusu kupita kwenye eneo lake. Mimi nikaona ndo hiyo hiyo. Tukapanda Hiace, ukipita Kawetere kule juu baridi unajikunyata, ukishuka upande wa pili joto linakupokea kama umefungua tanuri.

Sasa kabla ya kuendelea kuna kosa nililifanya mwenyewe nikiwa bado Mbeya. Nilikaa na simu usiku kucha nasoma mambo ya hela za Mjerumani. Nikakuta habari ya kweli kabisa kwamba 1916, Waingereza walipokuwa wamewabana, Wajerumani walitengeneza sarafu zao pale Tabora kwenye karakana ya reli, na mojawapo ilikuwa ya dhahabu, rupia 15, ina tembo ameinua mkonga na milima nyuma yake, dhahabu yenyewe ya mgodi wa Sekenke. Ile picha ya tembo ikaingia kichwani ikakaa. Kila mtu Tanzania ana mjomba wake aliyeliwa hela na watu wa "mali ya Mjerumani", ile wanayodai Wajerumani waliifukia, mimi mwenyewe nilikuwa nawacheka, lakini ukiwa na deni hata kitu ulichokuwa unakicheka kinaanza kukuangalia kwa huruma. Nikaenda Chunya natafuta dhahabu mdomoni, rohoni natafuta tembo.

Siku za kwanza shem alinifundisha. Koili iguse nyasi, isipande. Usifagie kama unafukuza kuku, fagia kama unapaka rangi, kila mkupuo upande juu ya ule uliopita. Ile ardhi nyekundu imejaa chuma kwa hiyo kila ukihama kidogo unaisawazisha mashine upya, la sivyo ardhi yenyewe inapiga kelele, na kuna mawe meusi meusi nayo yanalia vizuri tu kama dhahabu, unachimba nusu saa unatoka na jiwe. Simu usiwe nayo mfukoni. Mkanda wenye buckle ya chuma vua. Na akaniambia kitu ambacho ndo kilikuja kuniponza: kipunje kidogo kilicho karibu sauti inaanza juu inashuka, lakini kitu kikubwa au kilicho chini sana inaanza na besi halafu inapanda. Akasema hiyo ya pili ukiisikia, shem, usinywe hata maji.

Tulichokuwa tunakichimba sasa. Yale maeneo wazungu na vibarua wao walikuwa wanachimba tangu miaka ya 1920, thelathini huko kukawa na rashi kweli kweli, watu wanamiminika, yaani Mbeya yenyewe mji umeota kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, ndo haya haya maeneo ya Chunya. Kwa hiyo takataka zao zote ziko pale chini zinalia. Misumari ya maboksi, maganda ya risasi, makopo ya samaki, kipande cha kijiko, buckle ya kiatu sijui ya nani. Siku ya tatu nilitoa senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile ya shaba yenye tundu katikati na meno ya tembo yamelizunguka tundu. Nilivyoona meno ya tembo tu magoti yalilegea, nikapiga kelele shem njoo! Akaja, akaipangusa, akacheka mpaka akakaa chini. "Hii bibi yetu alikuwa anazitunga kwenye uzi." Akanirudishia.

Nilikasirika. Sijui kwa nini nilikasirika, hela yenyewe nimeiokota mimi na utani wenyewe wa kawaida, ila nilikasirika siku nzima.

Na hapo ndo nataka niongelee hii hali ya kichwa manake watu wanafikiri ditekta ni mashine tu, unawasha unaokota. Siku ya nne asubuhi nilipanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, ikaingia meseji ya wale jamaa, "mpendwa mteja", mnaijua ile mpendwa mteja inavyoanza kwa upole halafu inaisha na majina ya wadhamini wako. Nikashuka nikavaa hedifoni. Nakumbuka nilifanya kazi kwa bidii siku ile kuliko siku zote, nilimaliza eneo kubwa ambalo shem alisema litachukua siku mbili, na nilisikia vitu kila mahali, nilichimba mashimo labda thelathini na kitu na zaidi ya nusu hayakuwa na chochote, hata msumari. Nilikuwa nasikia sauti ambazo hazipo. Usiku mashine imezimwa, iko kwenye begi, mimi nimelala naisikia bado inavuma. Shem aliniuliza uko sawa? Nikamwambia jua tu.

Siku ya tisa shem alichukua pikipiki ya mwenye eneo akaenda Makongolosi kuchaji betri na kuchukua unga. Tulikuwa na betri mbili, moja ilikuwa imebaki kidogo nikasema ngoja niimalizie kuzunguka kwenye mti mmoja wa mninga karibu na mahali palipokuwa na udongo wa nyumba iliyobomoka zamani. Saa kumi jioni hivi.

Besi. Halafu ikapanda.

Nilisimama. Nikarudisha koili, besi, ikapanda. Nikageuka nikaja kwa upande mwingine, ile ile, tena pana, yaani kitu chenyewe kina upana wa sahani. Nikaanza kuchimba na sururu kwa upole kama naamsha mtoto, kiwiko cha mkono kikaanza kuingia, na ncha ya sururu ikagusa kitu kikasema *tung*. Kitu chenye uwazi ndani. Nikapangusa kwa vidole nikaona ukingo wa duara, kutu.

Na hapo hapo nikasikia pikipiki inakuja kwa mbali.

Naomba muelewe sikukaa nikafikiria. Kama ningekaa nikafikiria labda ningesema nilipambana na dhamiri na kadhalika. Hamna. Mikono ilirudisha udongo yenyewe, ikavuta majani makavu ikafunika, nikaviringisha jiwe juu, nikasogea mita ishirini na mashine nikawa nafagia kama sina habari. Shem akaja na unga begani na jasho, akauliza vipi, umepata kitu? Nikamjibu misumari. Misumari! Neno lilitoka laini kama maji. Huyu mtu ndo aliyenitafutia mashine, ndo aliyenipikia ugali siku tisa kwa sababu mimi ugali wangu unatoka madonge, na alikuwa amenibebea panadol bila kumuagiza kwa vile niliwahi kusema kichwa kinauma.

Usiku ule nilipiga hesabu. Kwanza madeni yote matatu yakaisha, hilo lilichukua kama dakika tano. Halafu nikanunua kiwanja Uyole. Halafu nikamnunulia mke wangu cherehani ile ya umeme, nikaona uso wake. Halafu nikaanza kufikiria nitauzaje tembo bila maswali, nitasema nimetoa wapi, nani atanisindikiza Dar. Katika hizo hesabu zote shem hayumo. Mwanzoni alikuwemo, nilimpa nusu, baadae nikampa robo, baadae nikasema nitamjengea mama yao jiko, itakuwa kama nimempa na yeye. Mwenye mashine sikumpa hata kidogo, eti kwa sababu betri ilikuwa karibu imeisha! Nakumbuka kabisa hiyo sababu niliiona ina akili.

Saa tisa usiku nikatoka kwenye turubai. Shem alikuwa amegeukia upande wa pili anakoroma. Nilitembea na tochi ya simu nimeizibia na kiganja, fisi analia upande wa mtoni, sikumuogopa hata kidogo na mimi ni mtu wa kuogopa mbwa. Nikatoa jiwe, nikachimba kwa mikono na beleshi dogo la plastiki. Kopo. Kopo la maziwa ya unga, yale makubwa, kutu imelila ukionesha tochi inatokea upande wa pili. Ndani kulikuwa na kitambaa kimeoza kimekuwa kama majani ya chai. Nikaingiza mkono nikashika sarafu, nyingi, baridi, nikasema Mungu wangu.

Nikamulika.

Sungura.

Senti hamsini ya Tanzania. Mwalimu upande mmoja, sungura upande wa pili. Nikachukua nyingine, mbuni, senti ishirini. Nyingine mwenge, shilingi moja. Nikamwaga zote kwenye udongo nikawa nazigeuza moja moja kwa kucha nikitafuta tembo, kwa nini sijui, nilizigeuza zote pande zote mbili na nyingine mara mbili. Mwenge kumi na moja, sungura tisa, mbuni sita. Shilingi kumi na sita na senti sabini. Nyingi za 1966, niliyoiona mpya kuliko zote ni ya 1974.

Nilikaa pale chini sijui muda gani. Nilicheka kidogo, ile ya puani. Halafu nikaanza kumfikiria aliyezifukia, na hilo sikulitegemea kabisa. Manake 1974 ndo ule wakati wa vijiji, watu walikuwa wanahamishwa kwenda kukaa pamoja, Mwalimu alishasema 1973 kwamba sasa ni amri, na ile nyumba iliyobomoka pale imesimama peke yake porini. Ni kuhisi kwangu tu, ila nikamuona mtu anaambiwa kesho lori linakuja, anafukia kopo chini ya mninga anasema nitarudi wiki ijayo. Na yeye alitoka usiku kama mimi ili mtu asimuone? Alimficha nani? Shilingi kumi na sita enzi hizo haikuwa hela ya mchezo kwa mtu wa kijijini. Nikamuonea huruma yeye kwanza, halafu ndo ikanijia kwamba hapa nilipopiga magoti mimi ni mwizi wa shemeji yangu, na nilichoiba ni sungura.

Nikazifunga kwenye soksi nikaziweka chini kabisa ya begi. Shem alikuwa bado anakoroma.

Kesho yake sikuweza kumtazama. Ila kwenye mashine kulitokea kitu cha ajabu, nilikuwa nimeishiwa. Sina hesabu tena, sina tembo, madeni yapo pale pale lakini yalikuwa kama yamesogea hatua mbili nyuma, hata kuyaogopa sikuwa na nguvu nayo. Simu niliiacha kwenye turubai imezimwa. Nikamwambia shem nataka kurudia lile eneo la siku ya nne, akasema si ulilimaliza? Nikamwambia nataka tu.

Sasa sikilizeni hii. Lile eneo lilikuwa limechomwa moto kiangazi, juu kuna majivu laini, na mvua haijagusa. Alama za koili yangu za siku ya nne zilikuwepo bado. Aisee! Niliona aibu utadhani nimekuta nguo zangu za ndani barabarani. Mikupuo mipana kama mtu anakata nyasi na panga amelewa, mwisho wa kila mkupuo majivu hayajaguswa kabisa, maana yake koili ilikuwa inapaa juu, na kati ya mkupuo na mkupuo kuna nafasi unaweza ukalaza mtoto. Na mashimo yangu yale ya bure kila mahali kama nimefukuza panya. Ungekuwa daktari wa akili usingehitaji kuniuliza swali, ungesoma pale chini ukaandika dawa.

Nikaanza upya taratibu. Ilikuwa mchana kama saa nane nikiwa katikati ya alama zangu mbili, mvumo ukafanya kitu. Haukulia. Ni kama mtu aliyeko chumba cha pili amekohoa akajizuia. Ningekuwa na ile meseji kichwani nisingesikia, na siku ya nne kweli nilipita hapo sikusikia, alama zangu zinashuhudia. Nikachimba, nikagawa udongo nusu kwa nusu kwenye beleshi, nusu inayolia nagawa tena, mpaka nikabaki na konzi moja, nikapuliza, ikabaki kitu cha njano chafu kama punje ya hindi iliyotafunwa. Nikamuita shem kwa sauti ya kawaida kabisa, safari hii hata yeye alishangaa, akadhani nimeumwa na nyoka.

Gramu sita na pointi mbili. Tulienda nayo soko la madini Chunya, wakaipima, wakakata mrabaha asilimia 6 na ile 1 ya ukaguzi, gramu wakati ule ilikuwa inacheza kwenye laki na kidogo, tukatoa nusu ya mzee wa mashine, mimi nikabaki na kama laki na sitini. Kwa hiyo msifikiri nimewaletea stori ya mtu aliyetoboa. Laki na sitini kwa deni la milioni moja na laki nane. Nilirudi Mbeya nikamwambia mke wangu nusu ya deni iliyobaki, alikaa kimya siku mbili, ya tatu akaleta daftari tukaanza kuandika nani tumuanze, tumelilipa miaka miwili na zaidi.

Mashine naishika mpaka leo, msimu wa kiangazi nikipata nafasi. Watu wanajua nina uzoefu wanapiga simu, kaka kuna mahali babu alionesha, Mjerumani alifukia, njoo na mashine tugawane. Huwa naenda kwa nauli yao tu, sigawani. Ninavyowaona wanavyonisimamia mgongoni wakati nafagia, wanavyohema, najua kabisa kwenye vichwa vyao sasa hivi nani ameshatolewa kwenye hesabu. Na siku nikigombana na mtu nyumbani siishiki kabisa, siyo kwa mkosi, wachimbaji wengi watakwambia ni mkosi na mizimu na dhahabu inakimbia, mimi nasema majivu niliyaona kwa macho yangu.

Zile sarafu zikakaa kwenye soksi juu ya kabati karibu miaka minne. Krismasi moja tulikuwa Tukuyu kwa mama mkwe, ukoo mzima, mwanangu wa mwisho akatoka na ile soksi, sijui aliibeba saa ngapi, akamwaga sebuleni anamuonesha bibi yake sungura. Mama mkwe akafurahi, akaanza kusimulia senti ishirini ilikuwa inanunua nini. Shem akaokota mwenge mmoja, akaugeuza, akaninusa na macho.

Nikamuita nje kwenye migomba. Nikamwambia yote, kopo, misumari, saa tisa usiku, cherehani, mpaka jiko la mama yao. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akasema, "Shem, mimi sikoromi."

Nikamwambia ulikuwa unakoroma.

"Nilikuwa macho. Nilikuona unatoka, nikakuona unarudi na soksi. Nikasema ngoja kuche nione ataniambia nini." Akatema ganda la karanga. "Kulipokucha ukaniambia unataka kurudia eneo la siku ya nne."

Sikuwa na la kujibu. Akaingia ndani akazikusanya zote, akazipanga juu ya meza ya mama mkwe kwa mafungu, mwenge kwa mwenge, sungura kwa sungura, akaniita tugawane kama tulivyokubaliana, na nusu ya mzee wa mashine akasema hiyo tutamuombea dua. Akazigeuza geuza, haziendi sawa, hamna senti tano hapo ya kusawazisha. Mwisho akachukua mwenge nane na mbuni mmoja, nane na ishirini, mimi nikabaki na nane na hamsini. Nikamwambia imepita hiyo, chukua na huyu sungura. Akakataa katakata. Akasema anataka senti zake kumi na tano taslimu, na mpaka leo akinipigia simu hata salamu hajatoa anaanza, "mpendwa mteja".